Mzunguko wa baiskeli kutoka Malindi kupitia Gede na Arabuko hadi Jilore, tuwekeeni njia

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Shella, Malindi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba usinikate sana, manake hili jambo liko moyoni siku nyingi na kila nikitaka kuandika naona aah, nani atasoma habari za baiskeli. Lakini Jumapili mbili zilizopita nimezunguka tena ile njia yangu, nikarudi nyumbani usiku magoti yanauma, nikasema hapana, safari hii naandika.

Mimi baiskeli nimeanza nikiwa darasa la sita, nikimpelekea ami yangu mikate madukani na ile baiskeli nyeusi ya karia kubwa, breki za vyuma, haina gia hata moja. Sasa nina ya gia, ya mtumba, lakini miguu ni ileile. Na njia ninayotaka kuwaambia wasomaji ni hii: unatoka Malindi mjini alfajiri, unafuata barabara ya Mombasa mpaka Gede, unaona magofu ya mji wa kale wa Waswahili, unaingia msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa na mwongoza njia, unaukata mpaka upande wa pili unatokea Jilore pale juu kwenye mwinuko, alafu unashuka na barabara ya Sala Gate, lile lango la mbuga ya Tsavo, kupitia Kakuyuni na Ganda mpaka nyumbani. Ni karibu kilomita 60 kwa siku moja. Mtu mzima wa kawaida anaweza, mradi aanze mapema na asishindane na mtu.

Safari hii nilikua na mpwa wangu wa kidato cha tatu na jirani yetu mmoja, mama wa watu, nesi, ambaye alinunua baiskeli kwa ajili ya ugonjwa wa sukari akaipenda. Tulikutana saa kumi na moja pale bustani ya Mekatilili wa Menza, yule mama aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, chini ya sanamu yake. Sikupachagua pale bure, nitafika huko. Tukanywa kahawa, tukafunga mahamri na mbaazi kwenye karia, pampu, tyubu mbili, viraka na gundi yake, maji lita tatu kila mtu. Nasema lita tatu na sio masihara, ndani ya msitu hakuna duka.

Sasa hiki kipande cha kwanza, Malindi mpaka Gede, kilomita 16, ndio kipande kibaya kuliko vyote na ndicho kinachonifanya niandike. Lami nzuri, sawa, lakini pembeni hakuna nafasi ya baiskeli. Kuna mahali lami imekatika kama ngazi, ukishuka kwenye mchanga hurudi juu bila kusimama. Na asubuhi ile matatu zinakimbizana kuwahi abiria, malori ya usiku yanamalizia safari, tuktuk nazo hizo. Lori moja lilitupita karibu hivi kwamba upepo wake ulimsukuma yule mama hadi kwenye majani, akaanguka kwa mkono. Dereva hata taa hakuwasha. Mama alikaa chini kidogo, akajifuta damu, akaniuliza, "Kaka, kwani hawa wanaobeba pombe ya mnazi kila siku wanapitaje hapa?" Sikua na jibu. Manake ukiangalia barabara ile saa kumi na mbili asubuhi utaona sisi wa matembezi ni watatu, lakini wenye baiskeli ni wengi mno, kuna wa madumu ya mnazi, wa makuti, wa mkaa, wa mitungi ya maji, watoto wa shule wawili wawili. Hao wote wanapita palepale tulipoangukia, siku saba kwa wiki, na mzigo.

Tulifika Gede jua limeshatoka. Mpwa wangu akasema, ami, mimi hapa nishakuja na shule. Nikamwuliza uliona nini, akasema kima. Simlaumu, kima wa Gede wanajua kujionyesha, watakuchukulia ndizi mkononi, na watoto mia moja wakiletwa na basi moja kwa saa moja ndicho watakachokumbuka. Kwa hivo safari hii tulienda polepole. Nilimpeleka kwenye lile kaburi lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Akasimama pale akahesabu kwa vidole. Mia sita na zaidi. Nikamwonyesha msikiti mkubwa na kisima chake, nikamwonyesha jumba la mfalme na yale majumba yenye vyoo vya ndani na mahali pa kuogea. Wakati mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba pale, kuanzia 1948 kwa miaka kama kumi, walitoa vyombo vya kaure vya Uchina, shanga, sarafu, vitu vilivyosafiri bahari nzima kuja kuwekwa kwenye nyumba ya Mswahili aliyejenga kwa matumbawe na chokaa.

Na jambo ambalo mimi huniumiza kichwa kila nikifika, Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, walikua marafiki wa sultani wa Malindi mpaka 1593 walipohamia Mombasa, na Gede iko kilomita 16 tu, mwendo wa saa moja wa baiskeli, na katika maandishi yao hawaitaji. Mji mzima wenye ukuta na misikiti, wameukosa. Au waliujua kwa jina lingine. Mpwa wangu alikua na maelezo yake, kwamba msitu uliuficha na watu wake hawakutaka kuuzwa kwa maneno. Alisema hivohivo, kuuzwa kwa maneno. Mwaka 2024 UNESCO wameuweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mimi nilifurahi mpaka nikapiga simu kwa watu. Lakini nataka kusema wazi, ukienda siku ya kawaida bado wageni wa mbali ni wengi kuliko watu wa Malindi, na hii sio haki kwetu sisi wenyewe.

Hapohapo Gede kuna mradi wa Kipepeo, wengi wanaupita bila kugeuza kichwa. Ulianza 1993. Wakulima wanaoishi ukingoni mwa msitu wanafuga vipepeo, wanauza pupa, yaani kipepeo akiwa bado kwenye ganda lake kabla hajatoka, zinasafirishwa nje kwenye maonyesho ya vipepeo, na kiwavi wa kipepeo yule anakula majani ya miti ya msituni, kwa hivo mwenye kuishi kwa kipepeo anataka mti usimame. Wazee watakwambia zamani msitu ulikua adui tu, nyani wanamaliza mahindi, tembo wanatoka usiku wanavunja migomba, wewe mkulima hupati chochote. Ule mradi ulifanya familia kadhaa zione shilingi inatoka kwenye msitu bila shoka.

Tukaingia msituni kupitia kituo cha misitu cha Gede. Tulilipa, tukaandika majina, tukapewa mwongoza njia, kijana wa hapo, akaja na baiskeli yake mwenyewe, ya kawaida kabisa, na alituacha wote nyuma. Usiingie peke yako, nawaomba sana, tembo wamo na wanajificha vizuri, na vijia ni vingi vinafanana.

Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba 420 hivi, ndio kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Watu husema msitu kama ni mmoja lakini ukiwa juu ya baiskeli unajua ni misitu mitatu, manake tairi inakwambia. Upande wa barabara kuu ni msitu mchanganyiko, mnene, mibambakofi, mimea ya kutambaa inaning'inia, ardhi ya kijivu, imeshikana, unakwenda vizuri chini ya kivuli na unasikia baridi ya kweli mwezi wa Januari. Alafu ghafla mwanga unaingia, umefika kwenye mirihi, miti mirefu iliyoachana, mchanga mweupe kama wa ufukweni, na hapo ndipo shughuli. Baiskeli inazama. Mwongoza njia alitwambia tutoe upepo kidogo kwenye tairi, tukatoa, ikawa afadhali, lakini kuna vipande tulishuka tukasukuma, na nesi wetu na mkono wake uliofungwa leso anasukuma bila kusema neno.

Tukisukuma ndipo tukamwona sange. Kuna wasomaji watasema sange ni panya tu. Huyu wa Arabuko ni mkubwa karibu kama sungura mdogo, pua ndefu anaichezesha kwenye majani makavu anatafuta wadudu, na nyuma, juu ya mkia, ana kiraka cha rangi ya dhahabu kabisa kama amepakwa. Karibu wote waliopo duniani wako hapa, kwenye msitu huu na vipande vichache vya jirani. Alisimama, akatuangalia, akapiga mkia chini mara mbili, akaruka akapotea. Yote sekunde kumi labda. Kama tungekua kwenye gari tungeshampita. Kama tungekua kwa miguu tungefika Jilore siku ya pili. Baiskeli ndio mwendo wa msitu ule, mimi hilo naliamini kabisa.

Mwongoza njia alituambia habari za bundi mdogo wa Sokoke, ambaye anaenea kiganjani, wanasayansi wamemjua miaka ya sitini tu, na hukaa huko mbele kwenye ardhi nyekundu. Hatukumwona, mchana analala. Lakini ardhi nyekundu tuliiona, na hiyo ndio msitu wa tatu, vichaka vifupi vimesongamana, joto, udongo unakushika miguuni na kwenye cheni. Hapo kulikua na kinyesi cha tembo, kibichi, mwongoza njia akasimama akasikiliza kama dakika tano, hakuna aliyeongea. Akasema twende, taratibu, msipige kengele. Tukaenda. Tuliona pia visiki viwili vya muhuhu vimekatwa kwa msumeno, vimefunikwa majani. Muhuhu ndio ule mti mgumu wa kuchongea vinyago. Kijana wa watu alisimama pale kwa muda mrefu kuliko aliposimama kwa ajili ya tembo, akaandika kwenye kidaftari chake, na uso wake nitaukumbuka.

Jilore tulifika saa nane kasoro, tumekwisha. Ukitoka msituni unapanda, alafu nchi inafunguka mbele yako. Uko juu kwenye mwinuko na chini ni bonde la Sabaki, mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, mashamba ya kijani kandokando, na ziwa la Jilore likiwa na maji ndege wanajaa. Ng'ambo ni Magarini. Ni kijiji cha kawaida, makanisa, shule, maduka machache, minazi na mikorosho. Lakini kijiji hiki ni cha historia nzito. Wamisionari wa CMS, wale wa Kanisa la Kianglikana kutoka Uingereza, waliweka kituo hapa tangu mwisho wa karne ya 19, na baadaye bonde hilihili la mto ndilo serikali ya Mwingereza ilitaka kuliondoa watu.

Watoto wetu wanajua jina la Mekatilili. Wanajua alicheza ngoma ya kifudu, wanajua alikamatwa 1913 pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakapelekwa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Wanajua Kaya Fungo, ule msitu mtakatifu wa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti Agosti 1914. Lakini ukiwauliza ugomvi ulikua wa nini, wanasema ukoloni. Sasa simama Jilore uangalie ng'ambo utaelewa kwa macho. Wagiriama walikua wamevuka Sabaki, wanalima kule kaskazini, wanavuna mahindi mengi wanauza Malindi, hawana haja ya kibarua cha mtu. Serikali inataka kodi ya nyumba, inataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba makubwa, na mtu mwenye ghala limejaa huwezi kumpata kwa kibarua. Basi wakaamriwa wahame ng'ambo ile, warudi upande huu. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Bonde lile unaloliona zuri hivi.

Tulikaa chini ya mwembe wa mama mmoja mzee anayeuza chai na viazi. Mpwa wangu ana adabu, akamwamkia, akamwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, akamwuliza kama anajua habari hizo. Hawe akaelekeza kidevu kwenye mto, akasema hawe wake alivuka pale, mahali hapo, amembeba mtoto mgongoni na kuku mkononi, na mtoto yule ndiye mama yake. "Kuku aliachwa majini," akasema, "mtoto akafika." Alafu akamimina chai. Mpwa wangu hakuuliza lingine. Saa tisa tulipoondoka alirudi nyuma akamshika hawe mkono kwa mikono miwili.

Ndugu Mhariri, sikuona kibao hata kimoja pale juu cha kueleza haya. Hakuna jiwe, hakuna maandishi, hakuna benchi la kukaa ukaangalia mto. Hawe yule akiondoka, ile habari ya kuku na mtoto inaondoka naye.

Kurudi ni kuteremka kwa sehemu kubwa, na barabara ya Sala Gate haina magari mengi kama ile ya Mombasa, upepo wa bahari unakupiga usoni ndio unakuchelewesha. Kakuyuni tulinunua maembe. Karibu na Ganda jirani yetu alipata panchari, na aliyetusaidia ni kijana wa mkaa, alikua amebeba magunia matatu, akaegemeza baiskeli yake kwenye mti akaziba tairi kwa dakika kumi, akakataa pesa, akachukua embe. Tukaingia Malindi magharibi, adhana inaadhini.

Sasa ombi langu, na nitalisema kwa wanaohusika bila kumtaja mtu, wanajijua, wa barabara, wa utalii, wa misitu, wa makumbusho, kila mmoja ana kipande chake na ndio maana hakuna mwenye njia nzima. Kwanza kabisa zile kilomita 16. Mtengeneze ukingo wa baiskeli, hata wa mita moja na nusu, hata wa murram iliyoshindiliwa, kuanzia mjini hadi Gede. Msifanye kwa ajili yangu, mimi napita mara moja kwa mwezi. Fanyeni kwa ajili ya yule wa mnazi na yule mtoto wa shule, mtalii atapita juu yake bila gharama ya ziada. Msituni hatuhitaji lami wala mageti mapya, tunahitaji vibao vidogo vya mbao kwenye njia panda na waongoza njia wa vijiji vya hapohapo walipwe vizuri, wanaojua sange alipo na wanaohesabu visiki. Na ada ya kuingia kwa wanafunzi wa Malindi na Magarini iwe kitu ambacho mzazi wa shamba anaweza kutoa, manake sasa hivi mtoto aliyezaliwa anaona ule msitu kutoka mlangoni kwao hajawahi kuingia ndani yake.

Na Jilore. Watu wa makumbusho wakae na hawe yule na wenzake, wawarekodi, kwa Kigiriama chao, mapema iwezekanavyo. Wakimaliza waweke maandishi pale juu, kwa Kigiriama na Kiswahili, mahali unapoona mto. Vijana watatu wa pale waliniambia wako tayari kutengeneza benchi wenyewe, mbao wanazo za mwembe ulioanguka, wanachotaka ni ruhusa ya mahali pa kuliweka. Niliwaahidi nitawaulizia, na barua hii ndio nimewaulizia.

Tutazunguka tena Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao kama mvua haijaanza, manake mvua ikinyesha ule udongo mwekundu haupitiki. Mkono wa jirani yetu umepona. Tutakua pale kwenye bustani ya Mekatilili saa kumi na moja alfajiri, mwenye baiskeli yoyote, hata ile nyeusi ya karia, aje na maji lita tatu.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Mwendesha baiskeli wa Shella, Malindi